Barua ya wazi: Nani alitunga Malaika, na mirabaha yake inakwenda kwa nani?

Kwa: Mawaziri wenye dhamana ya utamaduni na sanaa, na wakuu wa taasisi za hakimiliki, Kenya na Tanzania

YAH: MTUNZI WA WIMBO WA MALAIKA NA STAHIKI ZAKE

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Barua hii haikukusudiwa kusomwa na umma. Mwanzo ilikuwa barua ya kawaida ya ofisi, ikapelekwa kwenye taasisi yenye dhamana, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, ikaishia hapo. Nilipokwenda kufuatilia niliulizwa kama mimi ni mrithi. Nikasema hapana, ni msikilizaji tu na mkusanyaji wa santuri. Nikaambiwa basi jambo hili halinihusu. Taasisi yenyewe siitaji jina, maana afisa aliyenihudumia alikuwa kijana mwenye adabu aliyefuata alivyoelekezwa, na sitaki kumchomea. Lakini jibu lake ndilo lililonileta hapa mbele ya watu. Kama Malaika haumhusu msikilizaji wa Kiswahili, sijui ni wimbo gani unaomhusu.

Swali langu ni hili: nani alitunga Malaika, na kila wimbo huu unapouzwa, unapopigwa au unapoimbwa upya na msanii mwingine, fungu la mtunzi, yaani mrabaha, linamfikia nani?

Yasiyo na ubishi ni machache, na nayaweka mbele ili tusipotezeane muda. Fadhili William Mdawida, mzaliwa wa Taita, aliuimba kwenye santuri mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwanza akiwa na Jambo Boys, kisha tena katika studio ya Equator jijini Nairobi iliyokuwa chini ya Charles Worrod. Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, akaupokea na kuuzungusha majukwaa ya dunia, hata leo wapo wanaoapa kuwa ni wimbo wa Afrika Kusini. Mwaka 1965 ukatoka kwenye albamu aliyoimba pamoja na Harry Belafonte, na mwaka uliofuata albamu hiyo ikapewa tuzo ya Grammy. Uswidi nako, The Hep Stars wakautoa mwaka 1967. Mpiga kinanda wao, Benny Andersson, ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wanne wa ABBA. Boney M. wakaurudia mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin akauweka kwenye albamu yake ya Logozo mwaka 1991. Hao nimewataja kwa sababu wanajulikana. Waliobaki ni wengi mno: kwaya, bendi za jeshi, wapiga gita wa mitaani, na kila bendi ya hoteli kuanzia Malindi hadi Zanzibar.

Kwa masikio yangu hakuna marudio yaliyoishinda santuri ya Fadhili. Gita lake halina haraka na sauti haijipendekezi kwa mtu. Ni kijana anayesema shida yake na kunyamaza. Kidjo namheshimu kwa kuthubutu kuuvunja na kuujenga upya. Boney M. nawasikiliza kwa subira. Na jambo moja hunifurahisha siku zote: malalamiko ya mwanamume aliyeshindwa kuoa yamefikishwa duniani zaidi na sauti za wanawake.

Sasa hoja zangu.

1. Suala la mtunzi halijawahi kusikilizwa wala kuamuliwa mbele ya umma.

Fadhili William hadi anafariki Februari 2001 alishikilia kuwa wimbo ni wake: alimpenda msichana, mahari ikamshinda, msichana akaolewa na mwingine. Adam Salim, Mtanzania, naye anatajwa kuwa aliutunga katika miaka ya 1940, miaka mingi kabla haujarekodiwa: alimpenda msichana, wazazi wakakataa, msichana akaozwa kwa mwenye mali. Watafiti na wanamuziki wa zamani huongeza majina ya Lucas Tututu wa Mombasa na Grant Charo.

Angalieni simulizi hizo mbili za kwanza. Kisa ni kimoja, majina tu ndiyo yanayobadilika. Na si ajabu. Kijana asiye na mahari anayeshuhudia mpenzi wake akichukuliwa na mwenye nazo: nusu ya vijana wa Nairobi na Mombasa wa zama hizo wangeweza kuapa hivyo mbele ya kadhi na wasiwe waongo. Kwa hiyo kisa cha mapenzi, hata kiwe cha kweli kabisa, hakithibitishi kuwa aliyepatwa nacho ndiye aliyetunga. Cha ajabu ni kwamba kwa zaidi ya miaka 60 mjadala wote umekuwa juu ya kisa. Magazeti yanaandika kisa, redio inasimulia kisa, msichana anatafutwa, mahari inahesabiwa, kisha kila mtu anarudi nyumbani akiamini alichokuja nacho.

Maswali yenye uzito ni mengine. Kuna mtu aliyeusikia wimbo huu ukipigwa kwenye dansa kabla ya 1960? Alikuwa wapi, na nani alikuwa jukwaani? Kuna daftari la maneno, barua, mkataba, tangazo la gazeti? Beti zilikuwa zilezile, au kuna aliyeongeza ubeti wa pesa, mwingine ubeti wa kidege? Huenda mmoja alileta sauti ya wimbo (melodi), mwingine akaupa maneno, na wa tatu akaupa ule mtindo wa gita tunaoutambua leo. Sheria inalijua jambo hilo. Kazi ya pamoja si kitu kigeni kwake. Mimi binafsi nisingeshangaa kama ukweli uko huko, na ndiyo maana barua hii haimpi mtu ushindi. Naomba tu maswali hayo yaulizwe na mwenye mamlaka ya kuuliza, kwa maandishi, na majibu yawekwe wazi. Waliokuwa vijana wa kwenda madansani miaka ya 1940 wakiwa hai sasa wako kwenye miaka yao ya 90. Hawatatungoja.

2. Aliyerekodi kwanza anachukuliwa kuwa ndiye aliyetunga, na hilo linawaumiza wengi.

Ndani ya wimbo mmoja uliorekodiwa mna mali tatu. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo. Kuna uimbaji wa aliyesimama mbele ya kipaza sauti. Kuna na rekodi yenyewe, ambayo mara nyingi ni mali ya studio. Makeba alipoimba Malaika hakugusa rekodi ya Equator wala koo la Fadhili, aligusa utunzi. Vivyo hivyo Boney M., vivyo hivyo Kidjo. Kwa maana hiyo marudio yote hayo yanadaiwa fungu la utunzi, nalo ni la mtunzi au la mchapishaji, yaani kampuni inayosimamia utunzi kwa niaba yake. Nani aliimba kwanza ni historia nzuri, ila haijibu swali la malipo.

Na malipo yalikuwepo. Marekani, tangu mwaka 1909 hadi mwisho wa 1977, sheria ilipanga senti 2 za dola kwa kila nakala ya wimbo iliyouzwa, ziende upande wa utunzi. Senti 2 ni kitu kidogo mpaka uzizidishe kwa santuri za msanii aliyejaza kumbi za New York. Ili zimfikie mwenyewe, jina lake lilipaswa kuandikwa sawasawa kwenye hati za mchapishaji wa kule. Likikosewa, fedha hazipotei angani. Zinamfikia yule ambaye jina lake limeandikwa.

Chukueni santuri yoyote ya mizunguko 45 kwa dakika ya enzi hizo muitazame katikati. Lebo ni duara la karatasi lisilozidi kiganja cha mtoto. Jina la kampuni liko juu, kubwa, limepambwa. Jina la wimbo liko chini ya tundu, na la mwimbaji limekolezwa. Kisha, ndani ya mabano, kwa herufi ndogo kuliko zote, herufi ambazo kwenye santuri iliyotumika sana huwa zimefifia kwa jasho la vidole, mna jina la mtunzi. Mstari huo mdogo ndio hati ya kumiliki shamba. Mara nyingi uliandikwa haraka, na mtu ambaye hakuwepo wakati wimbo unatungwa, kwa kuambiwa na aliyekuwa studio siku hiyo.

3. Marudio mengi yameuandika kuwa ni wimbo wa jadi.

Nina nakala ambazo mstari huo una jina la Fadhili. Nina nyingine ambazo hauna jina la mtu. Zinasema wimbo ni wa asili, halafu linafuata jina la aliyeupanga upya. Neno hilo linaonekana kama heshima kwa Afrika. Kibiashara lina kazi yake: wimbo wa jadi hauna mtunzi wa kulipwa, na aliyeupanga upya huweza kudai fungu kwa mpangilio wake. Malaika si wa jadi. Wote wanaotajwa kuutunga ni watu wa karne ya 20, wenye majina na jamaa. Tunaweza kubishana ni yupi kati yao, lakini hatuwezi kukubali kuwa hakuna hata mmoja. Sijasikia serikali yoyote kati ya hizi mbili ikimwandikia mchapishaji wa nje kumkosoa kwa hilo, na barua hiyo haihitaji hata bajeti.

4. Kumbukumbu za sauti zinaharibika.

Hapa nasema kwa ufupi kwa sababu mnalijua kuliko mimi. Kanda za redio za miaka ya 1950 na 1960 ndizo shahidi pekee asiyesahau wala kupendelea. Kanda ikishashika ukungu au ikifutwa ili irekodiwe kitu kingine, haina rufaa.

5. Wimbo huu si peke yake.

Daudi Kabaka, aliyekuwa Equator pamoja na Fadhili, wimbo wake wa Helule Helule uliimbwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968 na ukaingia kwenye chati za kule. Jambo Bwana wa Them Mushrooms ulirudiwa na Boney M. mwaka 1983. Malaika nimeuchagua kwa kuwa ndio mgumu kuliko zote, wenye nchi mbili na wadai zaidi ya mmoja. Mkiuweza huo, zilizobaki ni kazi ya makarani.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine nimeshapewa mdomoni.

Mtasema wahusika wamekufa. Sheria ya Kenya na ya Tanzania zote zinamlinda mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Kama mtunzi ni Fadhili, ulinzi huo unakwenda hadi mwisho wa mwaka 2051. Kama ni mwingine, tarehe yake itahesabiwa kutoka kifo chake, na kama waliutunga kwa pamoja, kutoka kwa aliyekufa mwisho. Yaani hata kujua lini wimbo utakuwa huru kwa wote kunahitaji kwanza kujua ulikuwa wa nani.

Mtasema hakuna ushahidi. Ushahidi haujatafutwa. Hati za Equator, mikataba ya wachapishaji wa Ulaya na Marekani, majalada ya vyama vinavyokusanya mirabaha huko, maktaba za redio zetu: vyote hivyo ni vitu ambavyo barua ya waziri huvifungulia mlango ambao barua ya mkusanyaji wa santuri haiwezi hata kuubisha.

Mtasema nchi nyingine haiko chini ya mamlaka yenu. Kenya imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, na zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tumekaa meza moja kujadili mahindi na malori. Wimbo ni mwepesi kuliko lori.

Mtasema ni zamani mno, dunia imeshakula ikashiba. Hili ndilo jibu linalosikika kuwa na busara, kwa hiyo nalijibu kwa mfano. Solomon Linda alirekodi Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939. Akalipwa kidogo, haki zikaondoka mikononi mwake. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina, ukawa The Lion Sleeps Tonight, na Linda akafa maskini mwaka 1962. Binti zake walifungua kesi mwaka 2004, kwa kutegemea kifungu cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 2006 yakafikiwa makubaliano: Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza na warithi wakaanza kupata fungu lao. Ilikuwa imepita miaka 67 tangu siku ya kurekodi. Waliofanikisha ni wanasheria walioketi wakasoma sheria ya kikoloni mstari kwa mstari. Afrika Mashariki nayo ilikuwa chini ya Mwingereza wakati Malaika unaanza kuimbwa. Je, kuna mwanasheria wa serikali aliyewahi kukaa akaangalia kama kifungu kama hicho kinatugusa? Sidai kuwa kinatugusa. Nauliza kama aliyelipwa mshahara wa kuangalia ameangalia.

Na mwisho mtasema, kama nilivyoambiwa dirishani, mimi ni nani katika hili. Si mrithi, sina ujamaa na yeyote kati ya waliotajwa, na sitapata senti. Ninyi pia si warithi, waheshimiwa. Mko hapo kwa niaba ya wasioweza kujisemea, na mtunzi aliyekufa ni mmoja wao.

Ninachoomba ni hiki.

(a) Kamati moja ya nchi mbili, yenye mwanahistoria wa muziki, mwanasheria wa hakimiliki na mwanamuziki mkongwe kutoka kila upande, ipewe Malaika kama shauri lake la kwanza. Ianze na mashahidi walio hai, kabla ya kikao chochote cha kupanga hadidu za rejea. Semina ya uzinduzi hotelini haihitajiki.

(b) Familia za wote wanaotajwa zialikwe, zote, bila kuanza na inayojulikana zaidi. Zisikilizwe kwa faragha zikitaka, na wanasheria wao wagharimiwe.

(c) Taasisi zinazokusanya mirabaha zitangaze, bila kutaja kiasi kama sheria inakataza, jina lililosajiliwa kama mtunzi wa wimbo huu kwenye vitabu vyao, na tangu lini. Hili halihitaji kamati. Ni kufungua jalada na kusoma.

(d) Mawaziri wawaandikie wachapishaji wa nje wanaouuza Malaika kama wimbo wa jadi, wawaambie kuwa si wa jadi, na kwamba umiliki wake unachunguzwa. Fungu la mtunzi liwekwe pembeni hadi hapo.

(e) Kanda za redio za kabla ya 1970, za Nairobi na za Dar es Salaam, zihamishiwe kwenye kompyuta na orodha yake iwe wazi kwa watafiti.

Ombi la (c) natarajia lijibiwe ndani ya mwezi mmoja. Mengine najua yana safari, na kwa hayo nitaridhika kuona barua ya uteuzi wa wajumbe kabla mwaka haujaisha. Jibu lolote nitakalopewa nitalichapisha lote, bila kulikata, hata kama linanikosoa. Nakala za lebo nilizozitaja, zenye jina na zisizo na jina, nimeziambatisha kwenye barua iliyoko masjala ya ile taasisi niliyoiandikia kwanza. Nawaomba muagize itolewe kabatini.

Wenu katika ujenzi wa sanaa,

Msikilizaji na mkusanyaji wa santuri za Afrika Mashariki